Fagio Wanalo, Sasa Wapewe Mizani

Mtoto anayeanza darasa la kwanza Dar es Salaam huingia shuleni na madaftari begani na fagio la chelewa mkononi. Asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, kila kundi lina eneo lake: wengine chini ya mwembe, wengine mbele ya ofisi ya walimu, wengine njia ya vyooni. Kiranja wa mazingira anakagua na mwalimu wa zamu anapita nyuma yake. Ijumaa ni kudeki madarasa, na maji ya kudekia wanafunzi huyaleta wenyewe kwenye madumu. Mtoto wa Hamburg, mji ninakoishi na kulea wanangu, hafanyi hata robo ya kazi hiyo. Darasa lake husafishwa na wafanyakazi wa kulipwa masomo yakiisha. Yeye anapandisha kiti juu ya meza ili msafishaji apite, na zamu yake ikifika anazunguka uwanjani na wenzake wakiokota karatasi kwa koleo refu.

Nayatanguliza haya kwa sababu ndugu na marafiki wa nyumbani, tukizungumza habari ya taka, hunijibu kwamba wenzetu wa Ulaya wamefundishwa usafi tangu utotoni, ndiyo maana miji yao inang'aa. Sisi nasi tulifundishwa, tena kwa bidii kuliko wao. Sijakutana na Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali asiyejua kufagia. Tofauti ninayoiona mimi inaanza baada ya fagio, takataka ikishakusanywa, mtoto akaambiwa au asiambiwe inakwenda wapi.

Kwetu inakwenda kwenye shimo nyuma ya vyoo. Majani ya mwembe, maganda ya mihogo, vifuko vya barafu na ubuyu, chupa za maji, betri za redio, vyote pamoja. Shimo likijaa linapigwa kiberiti, na upepo ukigeuka moshi wa plastiki unaingia darasani watoto wakiwa kwenye hesabu. Uwanja ni mweupe, kwa hiyo kazi imehesabiwa kuwa imekwisha. Majumbani ni vivyo hivyo. Kiroba kinawekwa nje kusubiri gari la taka, gari likichelewa mtu anakisukumia mtaroni usiku, na mvua za masika zinakipeleka bonde la Msimbazi, ambako watu wa Jangwani wanajua maji yanavyopanda. Mtoto anayeishi katikati ya hayo anajifunza kwamba taka ni kitu cha kuondolewa machoni, basi.

Lipo na jambo linaloniuma zaidi. Katika shule zetu nyingi kuokota takataka ni adhabu. Aliyechelewa namba au aliyepiga kelele anaambiwa azunguke uwanja aokote makaratasi wenzake wakiendelea na kipindi. Mwalimu anayetoa adhabu hiyo ana nia njema, na ni afadhali hiyo kuliko kiboko. Lakini mtoto aliyezoeshwa kuona taka ni kazi ya mkosaji, akiwa mtu mzima atamtazama mzoa taka kama mtu aliyeshindwa maisha, na mwenyewe hatainama kuokota chupa aliyoidondosha kutoka kwenye daladala.

Hamburg taka ina bei, na bei hiyo watoto wanafundishwa kuisoma. Majengo ya watu yana mapipa ya rangi mbalimbali: jeusi la taka zilizobaki baada ya kutenganisha, la kijani la mabaki ya jikoni na bustani, la bluu la karatasi, la njano la plastiki na metali. Pipa jeusi ndilo ghali. Unalilipia kwa ukubwa wake na kwa idadi ya mara linavyomwagwa. La karatasi halilipiwi, la kijani ni nafuu. Kwa hiyo wanaotenganisha vizuri wanaweza kuomba pipa jeusi dogo zaidi, na bili ikashuka. Kilichomo katika jeusi huchomwa kwenye mitambo inayotoa joto. Cha kijani hupelekwa Bützberg, nje kidogo ya jiji, kikatoa gesi kwanza na mboji baadaye.

Mwaka 1994 jiji hili lilianzisha mashuleni mpango ulioitwa fifty/fifty. Ulianza na umeme na joto la madarasani, na baadaye maji na taka vikaingia. Kanuni yake ni nyepesi: shule ikipunguza bili, nusu ya kiasi kilichookolewa inabaki kwa jiji na nusu inarudi shuleni. Wanafunzi wakapata kazi ya kusoma mita, kuzima taa, kufungua mapipa ya madarasa na kuona nani ameweka nini wapi. Wazo hilo lilihamia miji mingine ya Ujerumani, kisha shule za nchi nyingine za Ulaya. Lilienea kwa sababu halikumtegemea mwalimu mmoja mwenye moyo. Mkuu wa shule alikuwa na sababu ya fedha, jiji lilikuwa na sababu ya fedha, na watoto walikuwa na tarakimu za kushindania.

Faida yake naiona jikoni kwangu. Binti yangu alianza kubandua kabisa kile kifuniko cha karatasi ya bati kwenye kikopo cha mtindi, akavitupa mbalimbali kwenye pipa lile lile la njano. Nilipomuuliza sababu, akanieleza kama fundi: vikishikana, mashine ya kuchambua inaviona kama kitu kimoja, na metali inapotea. Nilifurahi kwa jinsi alivyoeleza kuliko kwa alichokifanya. Alijua kitu hicho kinakwenda wapi na kinafanywa nini kikifika. Mabango ya kutunza mazingira tunayo mengi kwenye kuta za shule zetu nyumbani, yamechorwa vizuri kwa rangi ya mafuta. Mtoto anayejua mashine inavyofanya kazi hahitaji bango.

Wazazi nao hawaachwi. Shule nyingi huomba chakula cha mapumziko kifungwe kwenye kisanduku cha kudumu badala ya foili na nailoni, na katika miji kadhaa watoto wa darasa la kwanza hugawiwa kisanduku hicho bure wakianza masomo. Kila majira ya kuchipua hufanyika kampeni ya kusafisha jiji, "Hamburg räumt auf!", ambayo imekuwepo tangu 1998, na shule hupewa glavu na mifuko. Hapo sisi tumewapita: wao ni mara moja kwa mwaka, sisi tumejiwekea Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli aliigeuza sikukuu ya Uhuru yenyewe kuwa siku ya kufanya usafi.

Wala sitaki msomaji adhani Ujerumani imemaliza tatizo la taka. Nchi hii inazalisha zaidi ya kilo 200 za vifungashio kwa mwaka kwa kila mkazi, ukijumlisha vya majumbani na vya biashara. Tango linavikwa nailoni, biskuti zinafungwa mbilimbili ndani ya boksi lililofungwa tena kwa plastiki. Kutenganisha vizuri kumewazoesha watu wengi kununua bila kujizuia, kwa kuwa lipo pipa la kila kitu. Katika kupunguza, bibi yangu angewafundisha kazi. Maganda na machicha ya nazi yalikuwa ya kuku, vifuu na makumbi vilikuwa vya moto, kanga ilianza kwenye sherehe ikamalizia maisha yake kama tambara la kudekia, na kopo la siagi lilikaa kabatini na chumvi miaka na miaka. Hata mfumo wa kuweka rehani ya chupa, ambao Wajerumani waliuweka kwa makopo na chupa za kutupwa mwaka 2003, na leo ni senti 25 kwa kila moja, mtoto wa uswahilini anaufahamu. Akitumwa soda bila chupa tupu, mwenye duka anamrudisha.

Kinachotuponyoka ni vitu vipya visivyo na bibi wa kuvifundisha matumizi: chupa ya maji, kifuko cha karanga, pakiti ya juisi, nepi ya dukani. Hapo serikali ikitia nia mambo yanabadilika. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ya rambo iliyokuwa ikining'inia kwenye kila mchongoma ikatoweka haraka kuliko wengi tulivyotegemea. Watu wetu si wagumu.

Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, na matunda ya undugu huo yapo Mabwepande, Kinondoni, ambako kimejengwa kwa msaada wa Hamburg kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji. Nakiunga mkono kwa dhati, kwa sababu kimeanzia mahali panapofaa. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni za kuoza: maganda, mabaki ya chakula, majani. Zikitolewa hizo, kiroba cha nyumbani kinabaki chepesi, hakinuki, hakiiti nzi, na gari likichelewa hakuna wa kukitupa usiku. Ndiyo maana nikiona picha za shule ya nyumbani ikikabidhiwa mapipa manne ya rangi na mfadhili, nasikitika kidogo. Mapipa manne bila magari manne yanaishia kwenye shimo lile lile.

Ningependa shule ipewe mizani ya kuning'iniza, kama ile ya muuza mkaa, na daftari kubwa. Darasa la tano lipime kila Ijumaa. Ya kuoza yaende kwenye shimo la mboji, yafunikwe kwa majani makavu na udongo, na mboji hiyo itumike kulimia mchicha na matembele ya jikoni kwa shule zinazopika. Chupa za plastiki na makopo yawekwe kwenye viroba hadi mnunuzi apite, maana wanunuzi wapo mitaani na mizani zao tayari, na bei wanaijua watoto wote. Kilichobaki ndicho cha gari la manispaa, na mtoto aone kwa macho yake kilivyo kidogo. Fedha iandikwe ubaoni mstarini, shilingi kwa shilingi, na baraza la wanafunzi liamue ya kununulia nini. Hapa sitaki mzaha: siku fedha hiyo ikiingia kwenye droo ya mtu mzima bila maelezo, mpango umekufa, na watoto wamejifunza somo baya kuliko la kuchoma plastiki.

Halmashauri nayo ina nafasi yake. Shule ikithibitisha kwa daftari kwamba inatoa viroba viwili badala ya kumi, ada yake ya uzoaji ishuke kwa kiwango hicho, na nusu ya nafuu hiyo iwekwe kwenye mfuko wa wanafunzi. Hilo tunaweza kuliazima Hamburg kama lilivyo.

Ipo mipaka nisiyotaka ivukwe. Mtoto asipelekwe dampo. Asiokote mitaroni mikono mitupu, ambako kuna sindano, vioo na vinyesi. Asitumwe kukusanya chupa barabarani kwa pupa ya kilo, akawania mkate wa mwokota makopo ambaye hiyo ndiyo kazi inayolisha familia yake. Kazi ya mtoto iwe kwenye taka za darasa lake na za jikoni kwao, na akirudi nyumbani apewe mamlaka kidogo: yeye ndiye mwenye ndoo ya maganda, na kaka mkubwa akitupa chupa humo anayo haki ya kumwambia, "Kaka, shikamoo, lakini hapa si mahali pake."

Wala kuwakabidhi watoto kazi ya mazingira si wazo geni kwetu. Roots & Shoots, harakati ya vijana na mazingira aliyoianzisha Jane Goodall, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12, ndipo ikasambaa duniani hadi huku Ujerumani. Klabu za mazingira zipo katika shule nyingi. Nyingi zinapanda miti siku ya maadhimisho, mgeni rasmi anapiga picha, na ng'ombe anakula mche wiki inayofuata.

Rafiki yangu mwalimu wa Temeke, nilipomwandikia mawazo haya, alinikumbusha kwamba ana darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na kila mradi mpya humwangukia yeye. Ana haki. Ndiyo sababu siombi kipindi kipya. Nusu saa ya usafi wa asubuhi ipo tayari kwenye ratiba, fagio zipo, viranja wapo. Kinachoongezeka ni mizani na daftari, na mwalimu wa hisabati anaweza kuzitumia kilo hizo hizo kufundishia wastani, asilimia na grafu, badala ya machungwa ya kwenye kitabu ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuyaona.