Debe Nililolipeleka Shuleni

Nimekosa mara mbili, na makosa yote mawili niliyatenda hapa Soni, mbele ya watu wanaoniamini. La kwanza, niliwatisha wazazi kuhusu bisi za maikrowevu kwa maneno niliyoyajua nusunusu. La pili, katika msimu ule ule, nilipeleka shuleni debe la mahindi niliyoyaona kwa macho yangu kuwa yameota ukungu, na watoto wakanyweshwa uji wake. Kwa lile la kwanza nilipongezwa. La pili hakuna aliyelijua mpaka niliposema mwenyewe.

Nianze na bisi. Binti mmoja wa hapa alikuwa na kibanda karibu na njia panda, pale magari yanayotoka Mombo yanapoachana, mengine yakipanda Lushoto, mengine yakishika njia ya Bumbuli. Ndugu yake aliyeko Dar es Salaam alimpa maikrowevu iliyokwishatumika, na pakiti za bisi akawa anatumiwa kwa basi. Wanafunzi walizipenda, abiria pia. Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya chakula ya shule. Katika kikao cha wazazi nilisimama nikasema kwamba bisi zile zina kemikali inayoharibu mapafu ya mlaji, kwamba huko Marekani watu wamekwisha kwa ajili yake, na kwamba mionzi ya maikrowevu huingia kwenye chakula ikabaki humo. Nilisema kama mtu mwenye hakika. Hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi, kwa sababu wengi wa waliokaa pale niliwafundisha kusoma.

Habari ile ina asili ya kweli, na ndiyo maana ilinikamata. Mwaka 2000 iliripotiwa kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi za maikrowevu huko Jasper, jimbo la Missouri, walikuwa na ugonjwa adimu unaoziba vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Vijia hivyo vikishapata makovu havirudi kuwa vilivyokuwa. Wachunguzi walipoingia kiwandani waliona chanzo ni mvuke wa ladha ya siagi iliyopashwa moto, hasa kemikali iitwayo daiasetili. Wale wafanyakazi hawakuugua kwa kula bisi. Waliugua kwa kuvuta mvuke huo kazini, karibu na matangi ya kuchanganyia, zamu baada ya zamu. Mwaka 2007 daktari mmoja wa mapafu wa Denver, Cecile Rose, aliiandikia serikali ya Marekani kuhusu mgonjwa wake ambaye hakuwahi kufanya kazi kiwandani: alikuwa akila pakiti kadhaa kila siku kwa miaka, na alizoea kuvuta ule mvuke pakiti inapofunguliwa. Mwaka huo huo watengenezaji wakubwa walianza kuiondoa daiasetili katika bisi zao.

Mimi nilichukua ugonjwa wa wafanyakazi wa kiwanda nikaubandika kwenye kibanda cha binti wa njia panda, ambaye wateja wake walinunua kikombe kimoja wakapanda gari wakaenda zao.

Karatasi ya pakiti ina kesi yake, na hapo singesema uongo kama ningeeleza vizuri. Kwa miaka mingi karatasi hizo zilipakwa kemikali za kundi la PFAS ili mafuta yasipenye. Kemikali hizo hukaa mwilini kwa miaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokula bisi za maikrowevu mara kwa mara walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha baadhi yake katika damu. Moja ya kemikali hizo, PFOA, iliwekwa mwaka 2023 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Denmark ilizipiga marufuku PFAS katika karatasi za kufungia chakula tangu mwaka 2020, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatangaza kuwa karatasi za chakula zenye kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena sokoni kwao. Kwa hiyo kuhoji pakiti imetoka wapi na ina umri gani ni haki ya mnunuzi. Ila habari ya mionzi kubaki kwenye chakula haina ukweli wowote. Maikrowevu hupasha maji yaliyomo ndani ya chakula, na ukizima mashine mawimbi yake yameisha papo hapo, kama mwanga wa taa unavyoisha ukizima swichi.

Na ile hatari ya bisi ambayo mwalimu alipaswa kuitaja kwanza, sikuitaja kabisa. Bisi humkaba mtoto mdogo. Madaktari wa watoto wanaonya asipewe aliye chini ya miaka minne, ziwe zimetoka kwenye maikrowevu au kwenye sufuria ya nyumbani, kwa sababu yale magamba na punje zisizopasuka hukwama kooni au huingia kwenye njia ya hewa. Kikao kizima kilikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Nilikuwa na nafasi ya kuwaambia neno la kuwafaa, nikatumia nafasi hiyo kumvunjia mtu biashara.

Biashara ilivunjika kweli. Wazazi waliwakataza watoto, kibanda kikafungwa, maikrowevu ikauzwa.

Sasa nije kwenye debe. Wanaoijua Soni wanajua shida yetu ya kukausha nafaka. Mahindi ya vuli yakichelewa shambani, masika huyakuta. Asubuhi ukungu unashuka mpaka milangoni, mchana jua linatoka kidogo, jioni manyunyu. Mama yangu alihifadhi mahindi juu ya meko: yalipangwa darini jikoni yakiwa bado kwenye magunzi, moshi na joto vikayakausha mpaka punje ikawa ngumu kama changarawe. Nilipojenga nyumba ya bati na sakafu ya saruji niliona jiko la moshi ni la zamani, nikatenga chumba cha stoo. Msimu huo nilipukuchua mahindi yakiwa bado na unyevu, nikajaza magunia, nikayasimamisha juu ya saruji tupu, yakiegemea ukuta. Sikuweka hata ubao chini.

Nilipofungua gunia la ukutani, harufu ilinijia kwanza. Punje za upande wa chini zilikuwa zimeshikana, nyingine za kijani hafifu, nyingine za kijivu. Nikafanya walivyofanya wengi kabla yangu: nikayamwaga kwenye turubai, nikayaanika jua lilipotoka, nikapepeta, nikachambua zilizooza kabisa nikawapa kuku. Zilizobaki zilikuwa na madoa, lakini zikikaa kwenye debe pamoja na nzima hazionekani sana. Mazuri nikayaacha kwa ajili ya unga wa nyumbani. Yale ya madoa nikayaweka kando, na shule ilipoita michango ya chakula, debe langu likatoka huko.

Hapa lazima niseme wazi nilichokuwa nikifikiri, maana bila hicho maungamo haya ni hadithi tu. Nilijua hayafai. Kama nisingejua, nisingeyatenganisha na ya wajukuu wangu. Nilijiambia kwamba mashine itasaga vyote vilingane, uji utachemka, na moto huua kila kitu. Nilijiambia pia kwamba kutupa chakula ni dhambi. Vyote viwili vilinisaidia nisifikirie nani atakayeunywa huo uji.

Moto hauui sumu hii. Kuvu aina ya Aspergillus, ambao hupenda punje yenye unyevu mahali penye joto, huacha ndani ya punje sumu tunayoiita sumukuvu, na iliyo kali kuliko zote ni aflatoksini. Kuvu mwenyewe atakufa kwenye sufuria. Sumu yake inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike, na uji unachemka chini ya 100. Ugali haufiki huko, makande hayafiki, wala bisi hazifiki, maana punje hupasuka kwenye nyuzi 180 hivi. Haina ladha ya kuaminika wala rangi ya kuaminika. Punje inaweza kuonekana safi ikawa nayo. Kuchambua kunapunguza, hakumalizi. Na kuku au ng'ombe uliyemrushia mabovu hakukuondolea tatizo, kwa sababu ng'ombe aliyekula aflatoksini huitoa kwenye maziwa.

Nchi hii imeshazika watu kwa sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla, macho yakageuka manjano, matumbo yakajaa maji. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi uliwapeleka wataalamu kwenye mahindi ya majumbani mwao, yale yale waliyolima na kuyahifadhi wenyewe. Kenya iliwahi kupata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125, na chanzo kikawa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii hii. Nakumbuka jinsi tulivyokasirika hapa tukisema ni hila za kibiashara. Sikuwahi kwenda stoo kuangalia magunia yangu.

Hao ni waliokufa kwa kipimo kikubwa. Kwa kipimo kidogo cha kila siku, aflatoksini huchosha ini taratibu na huleta saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka sana. Watafiti wanaihusisha pia na watoto kutokukua inavyotakiwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi kidogo mno kwa jicho la mama yeyote. Debe langu halikupimwa. Hakuna mtoto aliyelazwa siku ile, na hilo halinifariji, kwa sababu sumu hii mara nyingi haimlazi mtu siku anayoila.

Aliyenifungua macho ni bwana shamba. Alikuja kuangalia ugonjwa wa viazi, akanikuta nikihamisha magunia. Aliomba chupa kavu ya soda na chumvi kavu, akatia punje chache pamoja na chumvi, akatikisa, akaacha itulie. Chumvi iliganda ukutani mwa chupa. Akasema, "Hayajakauka haya, mwalimu. Chumvi ingebaki chini." Kisha akauliza yale mengine yako wapi. Nilikaa kimya kwanza. Halafu nikamwambia.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Mahindi ya michango yalikuwa yamemwagwa pamoja, yangu hayakuweza kutambulika tena. Kamati ilikaa, ikaamua rundo lote lililobaki lisiliwe. Wazazi waliochanga nafaka safi walipoteza yao kwa ajili yangu. Nimelipa madebe mengine, lakini baadhi yao ni watu wanaolima kwenye mteremko ambao jembe lenyewe linateleza, na jasho lile sikulirudisha.

Kisha nikaenda kwa yule binti. Siku hizi anauza mboga. Nilimkuta amekaa na karoti na kabichi, akainuka kunipa kiti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Nilimweleza yote, ya kikao na ya debe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, ungekuja kibandani ukaniuliza, ningekuonyesha pakiti. Nami nilikuwa sijui." Hakusema amenisamehe, na sikumbana aseme. Katika kikao kilichofuata nilisimama nikayarudia maneno haya mbele ya wazazi wale wale, pamoja na jina la mwenye debe.

Bisi nazipenda bado. Tunazipika kwenye sufuria kwa mahindi ya bisi yaliyokauka, mafuta kidogo na chumvi kidogo, na mjukuu mdogo anapewa ndizi. Anayependa za pakiti asinuse mvuke inapofunguliwa, aiache ipoe kwanza, na asizifanye chakula cha kila siku. Sina zaidi ya hayo juu ya bisi.

Juu ya mahindi ninalo ombi kwenu mlioko Soni, Mponde, Bumbuli na kote huku milimani. Msiyapukuchue mpaka yakauke. Anikeni juu ya turubai au kichanja, si juu ya ardhi. Jaribuni chupa ya chumvi kabla ya kufunga gunia. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na mwenye uwezo anunue mifuko isiyopitisha hewa. Punje yenye ukungu isiende kwa kuku, wala kwa ng'ombe, wala kwenye pombe. Na debe la shule lijazeni kutoka gunia lile lile mnalowasagia watoto wenu.