Ukweni Njombe kwa tairi za Dar

Kama hujawahi kufika Njombe mwezi wa saba, msomaji wangu, nakuomba kitu kimoja tu: usimdharau mtu atakayekwambia ubebe sweta. Mimi nilidharau. Nilibeba shati jipya la kwendea ukweni, viatu vya kung'aa, na gari ambalo nilikuwa nimelipamba kuliko nilivyojipamba mwenyewe. Baridi ikanikamata mimi kwanza, halafu ikayakamata matairi, na nusura safari ya posa igeuke kuwa safari ya msiba.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono. Wanaojua wanajua. Ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, nchi nyingine ikauzwa kwa jina la Lexus IS, na injini yake ya lita mbili ilipita mikononi mwa mafundi wa Yamaha ikatoka na nguvu za farasi kama 210. Nguvu zote hizo zinakwenda matairi ya nyuma. Mtaani kwetu watoto wakiiona wanapiga kelele, na mimi, sitaki kudanganya, napenda wapige.

Lilipotoka bandarini lilikuwa limevaa matairi ya theluji. Usicheke, ni jambo la kawaida. Gari likitoka sehemu za Japani zenye barafu linakuja na viatu vya huko, ubavuni vimeandikwa STUDLESS, na wengi wetu tunaviona vina meno mengi tunafurahi, tunaendesha nayo mpaka yaishe. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barabara yenye barafu. Sasa upeleke mpira huo kwenye lami ya Dar saa saba mchana! Ukikata kona unahisi kama umekanyaga godoro, na meno yanalika kama sabuni.

Kwa hiyo nilihitaji matairi mengine, na nilishajua nataka yapi. Wazungu na Wajapani wana kabati mbili za matairi, za baridi na za kiangazi. Yale ya kiangazi ya spoti ndiyo ugonjwa wetu sisi wapenda magari: ubavu mfupi, uso mpana, mifereji michache iliyochorwa kwa madaha. Yakipata joto yanang'ang'ania lami. Kwa Dar, kwa kweli, ndiyo mahali pake.

Mchumba wangu, ambaye hapa nitamwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake, anafundisha Makambako na kwao ni Njombe. Alinipigia simu wiki tatu kabla ya safari. "Baba ataangalia gari kabla hajakuangalia wewe. Nunua tairi mpya." Nikamwambia sawa mpenzi. Nilikuwa na milioni moja na laki mbili nimezitenga kwa ajili hiyo. Nikapita kwa wauza matairi ya mtumba, nikaona manne ya kampuni kubwa (jina silitaji, kosa halikuwa lao), meno yamejaa, yanang'aa. Laki nne na themanini yote. Pesa iliyobaki nikapaka rangi rimu na kubadilisha redio. Mwalimu alipouliza kama nimenunua mapya, nikamjibu, "Mapya kabisa."

Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, angalau wa kwanza wa kuhatarisha maisha.

Tulitoka Dar saa kumi na moja alfajiri, mimi na baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga. Ilikuwa Julai 2023. Ni safari ya kilometa kama 700 mpaka Njombe, na kwa gari la spoti ni safari ya kujifunza uvumilivu. Vijijini ni mwendo wa 50, Mikumi unapita kilometa 50 ndani ya hifadhi huku twiga wanakutazama kama wanajua faini yao ni kiasi gani, na Kitonga unakaa nyuma ya lori linalopanda kama konokono. Matairi yangu yalikuwa na herufi W ubavuni, maana yake yanaruhusiwa kwenda 270 kwa saa. Baba mdogo aliniuliza nitazifikia wapi. Sikuwa na jibu.

Ukishamaliza Kitonga hewa inabadilika. Iringa unafunga kioo, Mafinga unaanza kuona miti ya paini imejipanga kama wanafunzi mstarini, na Makambako unashuka kwenye gari unatafuta koti.

Makambako si mji wa kupigia picha za harusi, lakini mimi naupenda. Ni mji wa njia panda: barabara moja inakwenda Mbeya na Tunduma, nyingine inageuka kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, ile iliyojengwa na Wachina pamoja na sisi na Wazambia kati ya 1970 na 1975, inapita hapo hapo. Jioni malori yanapaki, moshi wa mahindi na kuku unapanda, na upepo wa Makambako hauna adabu, unaingia mpaka kwenye mifupa. Karibu kila baada ya duka mbili kuna fundi wa tairi. Nilipita mbele yao wote nikiwa nimeinua kidevu.

Tulilala gesti. Asubuhi saa kumi na mbili Mwalimu akaja, kajifunga mtandio mpaka masikioni, simu yangu ikasema nyuzi 6. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na lami ilikuwa na unyevu ule ambao si mvua, lakini ukiigusa unalowa. Nikawasha gari, nikawasha na redio mpya, tukaondoka.

Tulikuwa hatujafika Mtwango. Kona ya kushoto, mwendo wa 70 hivi, si mkubwa. Mbele ikatokea pikipiki imebeba magunia, haina taa. Nikakanyaga breki, nikakata kidogo, na nyuma ya gari ikaniacha. Sijui niseme vipi. Unageuza usukani huku, lenyewe linakwenda kule, kimya kimya, halipigi hata kelele. Mwenye pikipiki akapita. Sisi tukazunguka nusu duara tukasimama kwenye majani, tairi la nyuma likiwa hatua moja kutoka kwenye kalavati.

Baba mdogo alitaja majina yote ya Mungu anayoyajua. Mwalimu hakusema kitu. Alifungua mlango, akazunguka, akachuchumaa na tochi ya simu kwenye tairi la nyuma. Nikamfuata nikitetemeka, na safari hii si kwa baridi.

"Hizi si ulisema mpya?"

"Ndiyo... yaani, hazijatumika sana."

"Soma hapa."

Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwisho kabisa, kulikuwa na tarakimu nne kwenye kikopo kidogo cha mviringo: 3812. Wiki ya 38 ya mwaka 2012. Tairi "jipya" lilikuwa linakaribia miaka 11.

"Baba alitufundisha kusoma hizi kabla hatujaanza darasa la kwanza," akasema, akarudi kwenye gari akakaa kiti cha nyuma. Tulikwenda kilometa zilizobaki kwa mwendo wa 40, redio imezimwa.

Sasa ngoja nikueleze nilichokuja kukielewa baadaye, maana wengi tunadanganywa na meno. Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa kwa ajili ya joto. Hali ya hewa ikishuka kufika nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, unakuwa kama soli ya kiatu cha zamani. Hilo ni kwa tairi zima, jipya. Likiwa limekaa stoo na juani miaka kumi na moja, mpira umeshakauka wenyewe hata kabla ya baridi, japo meno yamejaa. Weka na unyevu wa barabara, weka na gari linalosukuma kwa nyuma, na dereva anayetaka kuonekana.

Na hilo jina la kiangazi ndilo mtego. Kwao kiangazi ni joto. Kwetu kiangazi ni mvua kukatika. Njombe mvua zikikatika, Juni mpaka Agosti, ndiyo baridi yenyewe inaingia. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Yaani kiangazi cha Njombe ndicho msimu ambao tairi la kiangazi linateseka zaidi. Hakuna muuzaji wa Dar atakayekwambia hilo, naye hajawahi kufika.

Njombe penyewe, jamani, ni pazuri. Unapita mashamba ya chai na miti ya miwati ya Kibena, vilima vimekunjamana kama blanketi la mtu aliyeamka sasa hivi, akina mama wanauza viazi na parachichi kubwa kuliko ngumi. Ukisalimiwa "kamwene", jibu "kamwene", utapendwa. Ila siku ile mimi niliona barabara tu.

Mzee alitupokea getini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akampa mshenga mkono, halafu akafanya kile nilichoambiwa atafanya. Alikuwa dereva wa malori ya Tunduma miaka ishirini na kitu. Alizunguka gari polepole, mikono nyuma. Alibonyeza mpira kwa kucha. Akaniangalia.

"Kijana, umetoka Dar na hizi?"

"Ndiyo baba."

"Na binti yangu alikuwa ndani?"

Mwalimu angeweza kunimaliza pale pale. Akasema tu, "Tumefika salama, baba." Mzee akatikisa kichwa, akatukaribisha ndani. Tulikunywa chai, tukala viazi, baba mdogo akaonjeshwa ulanzi akausifia kupita kiasi. Mahari haikutajwa. Tulipoaga, mzee akamwambia mshenga kwa upole kwamba mazungumzo yapo, mlango haujafungwa, ila mwanawe atarudi Makambako na basi. Nililiona lile basi likiondoka na mchumba wangu yuko dirishani. Hakunipungia.

Hapo ndipo nilipoanza kununua matairi kama mtu mzima. Saizi yangu ni 215/45R17, ubavu hauzidi sentimeta 10, na mafundi wa Makambako waliniambia ukweli: wao wana ya malori, ya pikapu na ya Noah. Hilo la kwangu litaagizwa Mbeya au Dar lije kwa basi. Nikaagiza Dar, lakini safari hii nilisoma kwanza.

Kuna lile la spoti kali, ambalo namba yake ya uchakavu, ile iliyoandikwa TREADWEAR, ni 200 au chini. Linashika sana likipata moto, linaisha upesi, na asubuhi ya Njombe lingenirudisha kwenye kalavati. Kuna ya misimu yote, ambayo mzee angeyapenda, na kama ningekuwa naishi Njombe nisingebisha. Mimi naishi Dar na napanda huko mara mbili tatu kwa mwaka. Nilichukua la kiangazi la kati, namba 340, lenye mifereji minne mipana inayozunguka tairi zima ya kutoa maji. TRACTION A, ambayo hupimwa kwa breki kwenye lami iliyolowa, gari likiwa limenyooka. Kwenye kona hiyo herufi haikusaidii. Uzito 87, yaani kilo 545 kila tairi, inatosha. Na tarehe, nilimwambia muuzaji anitumie picha ya tarakimu nne kabla sijatuma hata senti. Laki mbili na themanini kila moja. Redio nikaiuza.

Upepo nao una mambo yake. Baridi inaupunguza, lakini kimo cha mlima kinaipandisha geji, kwa hiyo usibahatishe: pima huko huko asubuhi, kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha mlangoni. Na kilometa chache za mwanzo nenda kama umebeba mayai, mpaka mpira upate joto.

Kabla ya kurudi nilimwambia Mwalimu kila kitu, mpaka bei ya rangi ya rimu. Alikaa kimya kwenye simu muda mrefu, akauliza, "Na kitu kingine ulichoniambia ni kipya?" Nikamtajia redio. Akacheka kidogo, nikajua nina nafasi.

Tulikwenda Desemba, mvua inanyesha kweli kweli. Ile kona kabla ya Mtwango niliipita nikiwa 50, gari limetulia kama treni, na Mwalimu alikuwa kiti cha mbele. Baba mdogo alikaa nyuma bila kuambiwa. Mzee alitoka na mwavuli. Akazunguka. Akasoma tarakimu, akachomeka sarafu kwenye mfereji, akaitoa, akachomeka pengine. Nikasubiri.

"Hizi ni tairi," akasema. "Na la akiba je?"

La akiba. Lilikuwa bado lile lililokuja na gari kutoka Japani, wala sijawahi kulitazama. Na lilikuwa chini kabisa ya buti, juu yake kuna blanketi za bibi, vitenge vya mama, sukari na kila tulichobeba kwa ajili ya posa. Mzee akasimama hapo hapo. Nikaanza kushusha, kimoja kimoja, mama mkwe anacheka mlangoni, Mwalimu kanishikia mwavuli, na baba mdogo, mshenga wangu, kakumbatia blanketi mbili kifuani anauliza kama kuna mtu mwenye tochi.