Angalia Kulia Kwanza

Wazazi wenzetu mliobaki kambini, sisi ni familia chache tuliohamia mjini, wengine Jinja, wengine Mbale, na watoto wetu wanasoma huku. Tumeombwa tuwaandikie jinsi wanavyofika shule, maana wengi wenu mnafikiria kuleta watoto muhula ujao.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyetuambia. Kule tulikotoka, iwe Congo, Burundi au Sudan Kusini, gari hupita mkono wa kulia. Uganda hupita kushoto, kama Kenya na Tanzania. Kambini huwezi kuliona hilo, barabara ni ya vumbi na gari lenyewe moja moja, linapita katikati. Lakini mtoto aliyezoea ya kwao akifika kwenye lami anatazama kushoto, anaona peupe, anaingia. Kumbe gari la karibu linatoka kulia. Binti wa mmoja wetu aligongwa hivyo na bodaboda hapa Jinja, wiki yake ya pili shuleni. Mguu ukavunjika, akakosa muhula mzima. Watu walisema honi ilipigwa, ila mtoto alikuwa akitazama upande mwingine. Tangu siku ile hatusemi tena "uwe mwangalifu", neno hilo halimfundishi mtoto kitu. Tunasema: kulia, kushoto, tena kulia, ndipo uvuke. Tunamfanyisha barabarani mara nyingi mpaka shingo yenyewe izoee.

Kisha kuna kutembea. Anayekwenda kwa miguu apite upande wa kulia, ili gari la karibu aone linavyomjia usoni. Mwenye baiskeli (wengine wetu tunaiita kinga) apite kushoto pamoja na magari. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja kwa miguu na mwingine kwa baiskeli, hawawezi kwenda bega kwa bega wakipiga hadithi. Watoto hawalipendi hilo, na bado tunagombana nao.

Upande wa Kakira, njia ya kwenda Iganga, kuna trekta zinazovuta matela ya miwa. Watoto hukimbia nyuma yake kuchomoa muwa. Hapo tunakuwa wakali kweli, muwa tunawanunulia wenyewe.

Mbale shida yao ni maji. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Wenzetu wa huko, mvua ikinyesha mlimani Elgon, hawamwachii mtoto avuke peke yake hata kama mjini ni kukavu. Bora achelewe.

Asubuhi watoto wanakwenda kwa kundi, mama mmoja mbele, mwingine nyuma, kwa zamu. Wanatoka bado giza, basi wa mbele na wa nyuma wanavaa nguo nyeupe. Mwenyekiti wa LC I tumemwendea mara mbili kuomba matuta mbele ya shule. Alitupokea vizuri, matuta hayajaja, tutarudi.

Wanaokuja Mbale, mwalike mtoto wenu aje siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mama wa zamu atawapokea kwenye mnara wa saa, awapitishe njia nzima mchana, kwenda na kurudi, kabla ya asubuhi ile ya kwanza.