Nyumba za Mapadre wa Zamani: Nani Atazilinda?



Sisi tunaotoka kanda ya Shinyanga na Geita tumezoea kuuliza chini ya ardhi kuna nini. Leo tutazame kilichosimama juu yake: majengo ya zamani ya misheni.

Chukueni mfano wa Ushirombo. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni hapo mwaka 1891. Askofu François Gerboin alifariki hapo mwaka 1912. Wilaya ya Bukombe ilitoka Mkoa wa Shinyanga ikaingia Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, lakini misheni ni ileile.

Mafundi wa misheni za wakati ule walijua kazi. Msingi wa mawe ulizuia unyevu na mchwa. Kuta nene zilitunza ubaridi mchana, na baraza ilizikinga na mvua. Mara nyingi tofali ziliunganishwa kwa udongo, hivyo ukuta uliweza kukauka wenyewe. Tukiupiga plasta ya saruji tukidhani tunauimarisha, tunafungia maji ndani, nao huanza kumomonyoka.

Kanda ya dhahabu ina hatari nyingine. Uvumi kwamba Wajerumani walifukia rupia na dhahabu chini ya majengo yao haujaisha, na wapo wanaochimbua misingi usiku. Wanaambulia mawe, jengo linabaki na nyufa.

Sheria nayo haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa yakitangazwa rasmi. Misheni ya 1891 imechelewa kwa miaka 28. Mlinzi wake wa kwanza, basi, ni parokia yenyewe.

Mapadre waliandika shajara za vituo vyao. Waliobeba mawe na kuchoma tofali, babu na bibi zetu, wengi wao hawakuandika chochote. Kuta hizo ndizo kumbukumbu yao.

Baadhi yetu, Mungu akipenda, tutakabidhiwa funguo za nyumba hizo. Kabla hatujaita watu wa kubomoa, tuwaulize wazee, tupige picha, tumtafute fundi anayeujua udongo. Waamini wakitaka nyumba mpya ya mapadre, ijengwe kando.