Lori Linapokataa Kuwaka: Fargo na Makambako

Injini ya dizeli haina cheche. Jambo hili kila dereva wa lori hulijua, ijapokuwa si kila mmoja hulitafakari, na mwenye kulishika barabara hatababaika asubuhi gari lake linapokataa kuwaka, akiwa katika maegesho yaliyojaa theluji mjini Fargo, jimbo la North Dakota, ambako ndiko niendeshako sasa, au akiwa kando ya njia kuu ya Tunduma, karibu na Makambako, kwetu Tanzania, ambako niliijua kazi hii nikiwa utingo. Pistoni huibana hewa hata ikawa sehemu moja katika 16 au 18 ya ujazo wake wa kwanza, hewa hiyo ikapata joto la kupita nyuzi 500, na dizeli inaponyunyizwa humo na nozeli hushika moto yenyewe. Kwa hiyo injini isiyowaka aghalabu imekosa moja katika mambo machache: stata yenye nguvu ya kuizungusha kwa kasi ya kutosha, hewa inayobanika bila kuvuja, au mafuta safi yanayofika kwa presha yake na kwa wakati wake. Rudolf Diesel alipoifikisha injini yake ya majaribio mahali pa kuridhisha huko Augsburg mwaka 1897, mambo yalikuwa hayo, na leo, pamoja na kompyuta zote zilizofungwa juu yake, ni hayo hayo.

Tafauti ya huku na kwetu iko katika mahali pa kuanzia. Fargo, Januari ikiingia na kipimo kikashuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri, shaka ya kwanza huangukia umeme, nayo ni shaka ya haki. Betri iliyojaa, katika nyuzi 18 tu chini ya sifuri, hubakiwa na kiasi cha nusu ya nguvu zake, ilhali oili imekwisha kuwa nzito na stata yataka nguvu nyingi zaidi kuliko siku zote. Na injini ikizunguka kwa uvivu, joto la ile hewa iliyobanwa hupotelea katika kuta za silinda kabla ya dizeli kufika. Ndiyo maana maegesho mengi ya huku yana soketi za umeme, dereva akachomeka waya wa hita ya injini kabla hajalala. Asubuhi, gari likikataa, fundi huja na mita akazifungua betri na kuzipima moja moja, kwa kuwa malori ya Kimarekani mara nyingi huwa na betri nne za volti 12 zilizounganishwa sambamba, na moja ikiharibika huzinyonya zilizosalia. Akiona stata ikipigwa volti zinaanguka chini ya 9.6, haendi kwingine mpaka hapo pamekwisha. Baada ya betri huja nta, ambayo kwa asili imo ndani ya dizeli na ambayo baridi ikizidi hujitenga, ikayafanya mafuta kuwa na utusitusi, kisha ikaiziba filta. Na dawa yake ni kuchanganya dizeli nyepesi ya namba 1 mapema, si baada ya gari kuzima.

Kwetu hayo ya nta hayapo, ingawa aliyelala Makambako mwezi wa Julai ajua kwamba betri chovu huumbuka alfajiri huko pia. Lakini fundi wa kwetu huanza na macho. Humwambia utingo apige stata, naye akasimama pembeni kulitazama bomba la eksozi. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki katika silinda. Ukitoka mweupe wenye kuwasha macho, mafuta yafika lakini hayaungui, na hapo ataulizia kasi ya stata, ubovu wa nozeli au ulegevu wa pistoni. Kwa kutazama huko tu, bila kushika spana, amekwisha kuigawa kazi mafungu mawili.

Nakumbuka lori moja lililofika jioni likinguruma vizuri na asubuhi likakataa katakata. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alikibinua kichwa cha gari, akailegeza skrubu iliyo juu ya filta, akaanza kuisukuma pampu ya mkono kwa kidole gumba. Kwanza likatoka povu jeupe, likatoka tena, likapungua, hata mwisho yakatiririka mafuta matupu, naye akakaza. Akazilegeza nati za paipu za nozeli kwa spana ya 17, stata ikapigwa mpaka dizeli ikaruka katika kila moja, akazikaza, na injini ikawaka. Wengi wangalipokea ujira wao hapo wakaondoka. Yeye alimgeukia dereva akamwuliza, "Mzee, jana uliizima mwenyewe, au ilizimika?" Alipojibiwa kwamba ilizimwa salama, alisema kuwa basi hewa iliingia usiku, akaanza kuupapasa mpira utokao katika tenki, inchi kwa inchi, mpaka akaukuta umepasuka chini ya kishikio chake. Mpira wa upande huo hauvuji ukaonekana, kwa sababu injini ikiwa inafanya kazi huvuta, haisukumi. Huingiza hewa badala ya kutoa mafuta, na gari likilala, dizeli hurudi tenkini taratibu na kuacha njia tupu.

Ugonjwa huo huo niliukuta huku, katika lori la kisasa. Fundi wa karakana moja alichomeka kompyuta yake katika soketi ya pini tisa, ikatoka namba ya kueleza kwamba presha ya mafuta ni ndogo, naye akabadilisha sensa ya presha, nami nikalipa. Kesho yake gari halikuwaka. Namba haikusema uongo: presha ilikuwa ndogo kweli, na katika injini za namna hii kompyuta hairuhusu nozeli kufunguka mpaka presha ifike mamia kadhaa ya bar. Ila namba hueleza mahali ambapo lalamiko limesikika, na lalamiko la presha laweza kuletwa na sensa, au pampu, au nozeli inayovujisha, au filta iliyoziba, au hewa. Fundi wa pili alikata kipande cha mpira angavu, akakiunga kati ya tenki na pampu, akapiga stata, na sote tukaona viputo vikipita.

Nisieleweke kuwa ninausifu ukale. Ile desturi ya kulegeza nati za nozeli, ambayo katika pampu za zamani ni ya salama kwa mwenye hadhari, ni hatari kubwa katika injini hizi mpya, ambazo presha yake yaweza kufika bar 2000 na ambazo mafuta yake yakifyatuka hutoboa ngozi na kuingia mwilini kama sindano, jeraha ambalo kwa nje laonekana dogo na ndani lahitaji upasuaji wa haraka. Kadhalika kitambaa kilicholoweshwa petroli na kuwekwa mbele ya filta ya hewa ili gari liwake, na kopo la etha wanalolinunua madereva wa huku kwa kazi hiyo hiyo. Palipo na hita katika njia ya hewa, vyote viwili vyaweza kulipua. Malori ya namna hii yamekwisha kufika Dar es Salaam kwa wingi, yakiwa yametumika Ulaya, na yatapanda mlima wa Kitonga kama yalivyopanda ya zamani.

Na mafuta nayo yana maneno yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani alama za kikemikali, katika mafuta ili kuwafichua wachanganyao dizeli na mafuta ya taa, na kwa mwenye lori uchanganyaji huo si jambo la kukwepa kodi tu, maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma vya pampu yake. Maji ni rahisi zaidi kuyashughulikia: fungua koki ya chini ya filta kila asubuhi, yatoke.

Linalonisumbua ni kwamba kifaa cha kusomea zile namba za kompyuta kimefungiwa kwa wachache. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts waliipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa magari kuwapa mafundi huru maarifa na vifaa vile vile wawapavyo mawakala wao. Yafaa nasi tulidai hilo waziwazi, na vyuo vya ufundi vya VETA vipewe injini za kisasa za kufundishia pamoja na vifaa hivyo, na mafundi wa makamo wa gereji za barabarani waitwe kufundisha humo hata kama hawana vyeti, ili kijana ajifunze kuitazama eksozi na kuupapasa mpira kabla hajaichomeka kompyuta.