Bobini ya Coccinelle katika njia ya Likasi

Njia ya Likasi kwenda Lubumbashi labda unaijua. Ni kilometa kama 120 hivi: lami, miti ya miombo kila upande, mifuko ya makala imesimama kandokando kama watu wanaongoja bisi, na malori ya shaba yanayokimbilia Kasumbalesa bila kukuonea huruma. Kwa motokari mpya ni safari ndogo. Kwa Coccinelle ya mwaka 1968, mwezi wa kumi, wakati jua linachoma na mvua haijanyesha, ni jambo lingine.

Coccinelle hiyo ni ya baba mkubwa. Ni mzee sasa, anakaa Likasi, na tangu zamani alimwahidi mjukuu wake kwamba siku ya ndoa atampeleka ndani ya motokari hiyo. Ndoa ilikuwa Lubumbashi, siku ya Jumamosi. Tuliondoka Jumatano asubuhi, mimi kwenye usukani, yeye kando na kofia yake kwenye magoti.

Tulipopita daraja la Lufira, injini ikakata. Haikukohoa, haikutikisika, ilikata tu, kama vile mtu amezima taa. Tukasukuma hadi kando. Nikavunja matawi na kuyalaza barabarani nyuma yetu, maana malori hayo, hata mchana hayakuoni.

Mimi nilisema mara moja: ni esansi, imekauka kwa joto. Ndilo kosa la kila mtu, na wewe pia utalifanya. Baba mkubwa hakunijibu. Alichomoa ule waya mnene wa katikati ya deliko, akaushika kwa kitambaa kikavu karibu na chuma cha injini, akaniambia nigeuze ufunguo. Injini ikazunguka, lakini cheche haikutoka hata moja. Basi si esansi. Akachukua chupa ya maji, akalowesha kitambaa, akakizungusha kwenye bobini.

Bobini ni kile kikopo cha chuma kinachofungwa upande wa kushoto wa nyumba ya feni. Ndani kuna nyuzi za shaba zimezungushwa mara nyingi sana (labda shaba ya kwetu, nani anajua), na kazi yake ni kuchukua zile volti 12 za batri na kuzigeuza kuwa maelfu ya volti, ili buji itoe cheche. Ikizeeka, joto linaiharibu: ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Tulingoja karibu nusu saa, ikawaka. Tulisimama hivyo mara tatu. Tulifika Lubumbashi usiku, na sitaki kukueleza ile mara ya tatu, gizani, na malori yale.

Alhamisi nikaenda kununua bobini. Kijana wa duka alinitolea moja mpya, inang'aa. Nikamwuliza kama ni ya Coccinelle kweli.

"Papa, bobini ni bobini," akasema. "Batri yako iko volti 12, na hii iko volti 12. Unatafuta nini tena?"

Nikalipa bei ya mifuko miwili ya makala. Na kweli, msomaji, motokari iliwaka vizuri kuliko zamani! Nilizunguka mji mchana kutwa kutafuta viti na vinywaji vya arusi. Saa kumi na moja jioni injini ikaanza kupiga vibaya. Nilipofungua nyuma, bobini ilikuwa moto wa kuunguza mkono, na mafuta yalikuwa yakitoka kichwani mwake. Platine zilikuwa zimeungua, nyeusi.

Baba mkubwa alitazama tu. Akasema: "Jumamosi mtoto atapanda taksi, basi." Hakusema zaidi, akaingia ndani kulala bila kula bukari.

Ijumaa asubuhi nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee kando ya soko la Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi ya mbali). Ana testeri ndogo na sanduku limejaa bobini kuukuu. Alichomoa zile waya mbili ndogo za bobini, akagusa misumari yake miwili kwa testeri: omu moja na nusu.

"Hii haiko mubaya," akasema. "Iko ya motokari ya mutu mwingine."

Akanifanyia hesabu kwa makala juu ya ukuta. Volti 12 kugawanya kwa omu 1.5, unapata ampere 8. Volti 12 kwa omu 3, unapata ampere 4. Coccinelle ya volti 12 inataka bobini ya omu 3 na kitu. Ile niliyonunua imetengenezwa kwa motokari zenye rezistansi nje, inayopunguza nguvu kabla haijafika kwenye bobini. Coccinelle yangu haina rezistansi hiyo, basi platine zilibeba mzigo mara mbili. Kugeuza mambo pia si dawa: ukiweka bobini ya omu 3 kwenye motokari yenye rezistansi, haitaungua, lakini cheche itakuwa hafifu na asubuhi ya baridi utasukuma.

Tukapekua sanduku. Kwenye bobini ya Wadachi unasoma 15 na 1: 15 ni waya wa ufunguo, 1 ni waya wa deliko. Kwenye nyingi za Wafaransa imeandikwa BAT na RUP. Kwenye zile za Land Rover za zamani, SW na CB. Kulikuwa na moja ya Coccinelle ya zamani zaidi, ya volti 6, na kwa macho tu ungesema ni pacha wa ile yetu. Tulipima kumi na moja. Moja tu, ya buluu, rangi imetoka nusu, ilionyesha 3.3 na alama 15 na 1.

Nilitaka kulipa na kukimbia. Mzee akanizuia. Bobini mbovu, ikiwa baridi, inaweza kupima vizuri kabisa. Akatia platine mpya, akaacha nafasi ya milimeta 0.4, akafunga bobini, akawasha injini, akaiacha ikilia saa nzima kwenye jua huku sisi tunakunywa chai. Kisha akaiweka mkono juu. Ilikuwa na joto, lakini mkono ulikaa. Ndipo akataja bei, na ilikuwa nusu ya ile ya dukani.

Jumamosi bibi arusi alipanda Coccinelle. Kitambaa chake cheupe kilijaa kiti chote cha nyuma, na baba mkubwa alikataa mtu mwingine yeyote asiingie.

Tulirudi Likasi Jumatatu. Darajani Lufira hakuna aliyesema neno. Upande wa Kapolowe baba mkubwa akaomba tusimame anunue samaki. Injini ilizimika yenyewe nikaanza kushuka, nikiwa nimesahau ufunguo kwenye kontakti, taa nyekundu bado inawaka. Akanyosha mkono, akaugeuza, akauchomoa.

"Ukiacha hivyo injini imesimama," akasema, "bobini inapikwa bure." Akautia mfukoni mwake, akaenda kuchagua samaki.