Mtego wa Mabano

Moshi ni mji wa madaftari. Tangu mwaka 1933, chama cha ushirika cha KNCU kilipoandikishwa, kahawa ya Kilimanjaro imeteremka kutoka migombani ikiandamana na maandishi: jina la mkulima, kijiji chake na kilo zake. Siku hizi maandishi hayo yamehamia katika kompyuta, na kijana mmoja wa mjini alipewa orodha ya wakulima aichambue.

Chombo chake kilikuwa ruwaza, elimu ambayo misingi yake Stephen Kleene aliichapisha mwaka 1956, na Ken Thompson akaonyesha mwaka 1968 jinsi kompyuta iwezavyo kuitumia kusaka maneno. Katika ruwaza, mabano ni mtego: kinachoangukia ndani yake hunaswa, kikawekwa kando. Kijana alitaka kunasa vitu viwili: kijiji na kilo.

Mtego ulizinasa Marangu na Kibosho, ukaiacha Ng'uni. Aliruhusu herufi tu, na ritifaa si herufi. Akaiongeza, lakini mistari mingine ya Ng'uni ikazidi kutoroka. Kumbe iko ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, na mashine haijui kuwa hizo ni ndugu. Machame Kaskazini nayo haikunaswa, kwa kuwa nafasi iliyo kati ya maneno haikupewa ruhusa.

Kwa hasira akaandika nukta na nyota, alama za kupokea chochote. Sasa mistari yote ikanaswa, naye akafurahi, mpaka alipomwona mkulima wa kilo 145 ameandikiwa kilo 5. Bano la kwanza lilikuwa na uroho: lilimeza kijiji pamoja na tarakimu mbili, likaliachia la pili tarakimu moja. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo.

Hapo alishikwa na hofu. Mtego mtupu hujitangaza. Ulionasa vibaya hunyamaza, na kimya chake ni jasho la mtu lililopotea. Akaacha kubahatisha. Akachagua mistari migumu, akajaribu kila bano peke yake, akaifanya nafasi kuwa mpaka kati ya kijiji na kilo, kisha akalinganisha jumla ya kilo zilizoingia na zilizotoka. Zikalingana.

Mashine ilitii tangu mwanzo. Kosa lilikuwa katika dhana ya mwandishi, aliyekata kipimo cha majina kabla hajayasoma majina ya watu wa mlimani.